Bwana Yangu Alichekea Mjini

Wa kwanza niliowaonea wivu katika ndoa yangu hawakuwa watu. Walikuwa ng'ombe.

Ng'ombe kumi na sita, wamefungwa nira wawili wawili, wanavuta gari la mahindi kutoka shamba la mzungu upande wa Ndalu mpaka stesheni ya Kitale. Bwana yangu ndiye alikuwa dereva wao. Alikuwa anaita kila mmoja kwa jina lake, na huyo akisikia ameitwa anaongeza bega. Jioni akirudi kwenye laini, pale wafanyakazi tulipojengewa nyumba, sauti imekwisha. Nikimwuliza kitu ananijibu kwa kichwa. Nikawa namwambia, maneno yote unamalizia ng'ombe, mimi nabaki na nini? Basi anacheka. Alikuwa na kicheko kimoja kikubwa cha tumbo, kinakuja bila kubisha hodi, na mimi hasira yangu inavunjika hapo hapo.

Nimeanza na hiyo ili ujue mimi ni mtu wa namna gani. Nina wivu, na hasira yangu iko karibu. Sikuingia darasa hata siku moja. Kusoma nilijifunza kwa maandishi ya magunia na karatasi za kufungia sukari, na hiki Kiswahili nilikiokota pale laini, mahali makabila saba yalikuwa yanagombania bomba moja la maji. Ukiona kimepinda, mimi sikukipinda. Nilikikuta hivyo.

Ilikuwa asubuhi, baada ya mvua, kwenye mteremko wa kushuka mtoni. Breki ya gari, ile mbao inayokaza gurudumu, iliteleza. Gari likasukuma ng'ombe wa nyuma, wa mbele wakavuta kwa woga, mnyororo ukakazika, ukakatika. Ncha yake ikamrudia yeye kichwani, juu ya sikio la kushoto.

Hospitali ya Kitale alilala siku tisa hajui mchana wala mtu. Siku ya kumi akafungua macho, akaniangalia kama mtu anayetafuta alipoweka jembe. Mimi nikaanza kumshukuru Mungu kwa sauti. Yeye akafunga macho tena, akaweka mkono sikioni.

Dresa mmoja wa hapo, yule wa kufunga vidonda, mtu mpole, alinieleza. Alisema mfupa utashika, lakini ubongo umetikisika, na ubongo hauponi kama mfupa. Maneno yatachelewa. Mwanga utamchoma, kelele zitampiga. Atakuwa na hasira, na atakuwa na huzuni nzito ambayo hata yeye hatajua imetoka wapi, na hiyo huzuni nisije nikaiita uvivu. Halafu akaongeza neno ambalo nilimkatalia mbele ya wagonjwa wote. Alisema mgonjwa wa namna hii anaweza kutoka hapa ni mtu mwingine, na itabidi nimzoee.

Nikamwambia, "Mimi sikuolewa na mtu mwingine."

Yule dresa alikunja bandeji yake, akaenda kitanda cha pili.

Tulirudi nyumbani kwa wazazi wake, mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu kutoka Bungoma mjini. Mzungu alikuwa ameshapata dereva mwingine. Bwana yangu akaingia katika nyumba, akalala na uso wake ukutani, na huo ukuta ukawa ndio shamba lake. Jua likitoka, yeye ukuta. Uji ukiletwa, yeye ukuta. Siku nyingine analia, machozi tu, bila sauti, na ukimwuliza unalia nini, anasema, "Sijui." Siku nyingine kuku akipiga kelele mlangoni, yeye anarusha kile kiko karibu, kibuyu, kigoda, halafu anatetemeka na kuniomba msamaha kama mimi ni chifu.

Mama yake, ambaye nilimwita Mayi kama desturi yetu, alikuwa akija asubuhi kumlisha. Kutoka mkono wa Mayi alikula. Kutoka mkono wangu alikula vijiko viwili, akageuka. Nikamwonea wivu hata mama mzazi. Nikatoka nje nikapasua kuni ambazo hazikuhitaji kupasuliwa.

Na wanawake wenzangu wa kijiji, wale tulikutana kisimani, niliwaonea wivu zaidi. Mmoja analalamika, ati bwana wake amesema mboga haina chumvi. Mwingine wake amekataa kabisa asiende kwa dada yake. Wanalalamika huku wanacheka. Mimi nikasimama na mtungi wangu nikawaza, laiti angenikataza kitu. Laiti angesema mboga yangu ni mbaya.

Sasa nitaeleza kosa langu, maana hii habari yote imesimama juu yake.

Kwetu wanaume waliotahiriwa msimu mmoja wanaitana bakoki. Bakoki wako ni zaidi ya ndugu. Anaweza kuingia kwako akala bila kuuliza, na anaweza kukutukana mbele ya mke wako, mbele ya wageni, na wewe hukasiriki. Unamrudishia. Kichwa chako kama mtungi, miguu yako kama ya korongo, siku ya kisu ulitafuta mlango. Hivyo ndivyo wanavyosalimiana. Watu wa mbali wakisikia wanadhani hao wanataka kuuana, kumbe ni mapenzi.

Bakoki wa bwana yangu walikuja Jumapili ya kwanza, watu wanne, wakaketi kuzunguka chungu cha busaa, ile pombe yetu, kila mmoja na mrija wake. Kiongozi wao kwa matusi alikuwa fundi wa kufua majembe, mtu wa masikio makubwa. Huyo akamtazama bwana yangu na kile kitambaa cha kichwani, akasema, "Tulikuambia siku zote hiyo kichwa ni kubwa bure. Hata mnyororo umeona hauwezi kuikosa."

Bwana yangu akamtazama. Midomo yake ikaanza kutafuta. Unaona kabisa mtu anatafuta, kama mkono gizani, na neno haliji. Machozi yakaja mahali pa neno.

Mimi nilisimama na mwiko wa ugali mkononi. Sijui hata nilisema nini kwa mpango. Nilisema, nyinyi ni fisi. Nilisema bwana yangu amefanya kazi ambayo nyinyi wanne mkiunganishwa hamuiwezi. Nilisema kuanzia leo, mtu atakayemtukana hapa boma hii, ataondoka na alama ya mwiko. Yule wa masikio nilimfukuza mpaka kwenye mgomba. Watu walicheka mwezi mzima. Mimi sikujali; nilijua nimesimama upande wa mtu wangu.

Na walinitii. Ndiyo shida. Jumapili zilizofuata walikuja kwa adabu. Walimsalimia polepole, mikono miwili, "Habari yako, ndugu yetu, unaendeleaje." Wakakaa kwa chungu wakaanza kumsifu. Alikuwa anaweza kugeuza gari penye njia nyembamba. Alikuwa hapigi ng'ombe, anawaita tu. Alikuwa, alikuwa. Mimi nikafurahi. Nikawa nakoroga busaa kila wiki ili waje wamkumbushe alivyo, maana niliona amesahau. Na ninakiri, nilimwonea wivu hata huyo waliyekuwa wakimsimulia. Nilimtaka yeye. Nilitaka aje akae mahali pa huyu aliyelala ukutani.

Mwezi wa sita tangu aumie, siku moja mchana, nikiwa nachambua maharagwe mlangoni, bwana yangu alisema jambo refu kuliko yote tangu Kitale. Hakugeuka. Alisema, "Ule mnyororo... haukumaliza... kazi yake."

Mikono yangu ikasimama kwenye ungo.

Sikumwuliza ana maana gani. Nilijua. Kwetu kuna kifo ambacho hakitajwi, na ukikitaja unakiita. Sikumwambia Mayi, sikumwambia mtu yeyote. Nilingoja aende kuoga, nikazunguka boma yote, nikakusanya kila kamba. Kamba ya ng'ombe, kamba ya kisima, zile ngozi za nira alizokuja nazo kutoka Kitale, hata uzi wa kufungia kuni. Nikafunga mzigo mmoja nikapeleka kwa dada yangu, nikasema panya wanakula kwetu.

Mbuzi nikawa nawafunga kwa ganda la mgomba. Sasa mbuzi na ganda la mgomba, mwenyewe unajua. Kufika saa nne wamekata, wako katika maharagwe ya jirani. Jirani yetu, mwanamke wa kanisa kabisa, alikuja mara tatu. Mara ya tatu alinisema vizuri mbele ya watu, akaniita mvivu, ati hata kusokota kamba nimeshindwa. Mimi, ambaye mdomo wangu unajulikana mpaka Lwakhakha kwenye mpaka, niliinamisha kichwa. Nilisema, ni kweli mama, nisamehe. Watu wakashangaa. Nilikuwa nimekula ile aibu kwa ajili yake, na nilijua hata yeye mwenyewe hatajua.

Kichwa kikaanza kumuuma zaidi, ikawa anaenda zahanati ya Bungoma kuchukua dawa. Mara ya kwanza nilimpeleka mimi. Baadaye akasema ataenda peke yake. Nikakataa, akanyamaza siku mbili, nikakubali. Akaenda akarudi. Akaenda tena. Ikawa kila siku isipokuwa Jumapili. Nikaona hata kabla ya jua kuwa kali ameshanawa uso, ameshavaa kofia yake ya kuzuia mwanga. Nikasema, Mungu ni mkubwa, ile dawa inafanya kazi.

Halafu kisimani yule jirani wa maharagwe, ambaye alikuwa ametoka kuuza kuku mjini, akaniambia, "Kumbe bwana yako ni mtu wa mchezo hivyo. Nimemsikia pale kwa fundi wa nguo karibu na msikiti. Amecheka mpaka akashika nguzo."

Nikamwambia amemfananisha.

"Nimfananishe na kofia ile?"

Nilimwuliza, amecheka nini. Alisema hajui, yeye alikuwa na kuku wake.

Sitakudanganya kwamba nilifurahi. Mtu mwema angefurahi. Mimi wivu ulinipanda. Miezi kumi. Miezi kumi nimemwosha, nimemlisha, nimefukuza kuku, nimeficha kamba, nimeitwa mvivu. Nimengoja kicheko kimoja kama watu wanavyongoja mvua. Na yeye amekichukua, amekwenda nacho kwa miguu saa moja na nusu, amekipa mtu wa cherehani.

Siku ya pili nilimwacha atangulie, nikafuata.

Yule fundi alikuwa anakaa kwenye baraza ya duka la Mhindi, mzee Mnubi, kofia nyeupe, miwani imefungwa na uzi. Bwana yangu alikuwa amekaa nyuma yake, mahali penye kivuli kizuri, mgongo wake kwa barabara, suruali ya mtu magotini. Alikuwa anafumua mshono kwa wembe. Kazi ndogo, uzi mmoja mmoja. Mimi nikasimama ndani ya duka karibu na magunia ya chumvi, Mhindi akiniuliza nataka nini, namwambia nachagua.

Cherehani ikasimama. Mzee akageuka akatazama ile suruali, akasema, "Kijana, mwenye suruali hii atakufa uchi akikungoja. Mkono wako unaenda kama konokono mwenye mimba."

Nikashika gunia. Nilingoja machozi.

Bwana yangu hakuinua uso. Alikaa. Ule muda ulikuwa mrefu, mimi ningeweza kupika chai. Mzee hakumsaidia, hakumharakisha, alikuwa anaweka uzi katika sindano yake. Halafu bwana yangu akasema, neno moja moja, kama anavuka mto juu ya mawe, "Konokono... hufika. Wewe... unakanyaga hiyo mashine... miaka thelathini. Umefika wapi?"

Mzee akapiga meza. Na bwana yangu akacheka. Ni kile kile, cha tumbo. Kilikuwa kimepungua upande mmoja, kama mkate uliokatwa, lakini kilikuwa chenyewe.

Nikatoka. Nilimwambia yule mzee maneno ambayo siwezi kuandika yote. Nilimwambia ni aibu, mtu mzima mwenye kofia ya sala anamtukana mgonjwa. Nilimwambia bwana yangu aliendesha ng'ombe kumi na sita, hakuzaliwa kufumua suruali za watu. Nilimwambia kama hana mtoto wake wa kutukana aende akanunue. Watu wakasimama barabarani. Bwana yangu akaziba masikio kwa mikono yote miwili, uso ukakunjika kwa maumivu, akainuka akaenda nyuma ya duka, akakaa chini na kichwa katikati ya magoti. Kelele ilikuwa yangu. Mimi ndiye niliyempiga nayo.

Mzee akasukuma kigoda kwa mguu. "Keti, shemeji. Mpe nusu saa, atarudi. Huwa hivyo."

Huwa hivyo. Mtu mwingine ananieleza mimi bwana yangu huwa vipi. Nikaketi.

Akaniambia siku ya kwanza alimwona amesimama juani karibu na zahanati, amefunika macho, watu wanampita. Akamwita kivulini. Akampa nguo afumue, kwa sababu mtu akikaa bure kwake anamziba mwanga. Hakumwuliza alikuwa nani.

Nikamwambia, "Ungeuliza. Ungejua ni mtu mkubwa."

"Huyo mkubwa mimi sikumkuta," mzee akasema. "Nimemkuta huyu. Huyu anachelewa, lakini akifika ana ulimi mkali kuliko wangu."

"Unamjua nini wewe? Wiki sita."

Akaanza kukanyaga cherehani polepole, pengine ili watu wasisikie. "Najua jua la saa sita linamuua. Najua asubuhi nyingine haoni sababu ya kuamka, anakuja hapa kwa kuwa alinipa ahadi ya suruali. Najua umeficha kamba."

Nikageuka kutazama kule nyuma ya duka.

"Alinieleza. Ati mbuzi wako ndani ya maharagwe ya watu kwa ajili yake, na wewe unatukanwa umenyamaza. Alisema hajawahi kukuona umenyamaza. Alilia hapo ulipokaa. Halafu akacheka habari ya mbuzi."

Nimetendewa mambo mengi katika maisha, lakini hilo ndilo lilinikata. Siri niliyoibeba peke yangu, yule niliyembebea alikuwa anaijua, na alikwenda kuitua kwa mtu mwingine. Nilimchukia yule mzee. Nilimchukia kwa miwani yake na uzi wake. Na wakati huo huo nilijua kwamba kama si hicho kigoda, mimi pengine ningekuwa mjane, na watu wetu wangekuwa wameshaukata mti na kuuchoma, kama desturi ya kile kifo kisichotajwa. Vyote viwili vilikaa ndani yangu pamoja na havikusalimiana.

Jioni tulirudi naye. Alitembea mbele, mimi nyuma, sikufungua mdomo mpaka tukafika kijito. Hapo akaketi juu ya jiwe, kichwa kilikuwa kinamuuma. Nikaloweka kitambaa nikamwekea.

Akasema, "Kwa nini... hunikasirikii?"

Nikamwambia nimekasirika sana. Sijawahi kukasirika hivi.

"Yeye umemkasirikia. Mimi... hapana. Mimi unanisemesha... kama mtu wa kanisa." Akapumzika. "Na wale wanne. Mikono miwili. Habari yako, ndugu yetu. Bakoki asiyekutukana... ni mgeni. Mimi nimekuwa mgeni... kwangu. Wanakuja kumsifu... mtu mmoja. Namwonea wivu... huyo mtu. Anakaa kwa chungu... kila Jumapili. Hatoki."

Kumbe tulikuwa wawili tunamwonea wivu mtu yule yule. Nikataka kumwambia, lakini nikaona afadhali aseme yeye.

"Ulifunga midomo yao... kwa mwiko," akasema.

"Ulilia," nikamwambia. "Alikutukana ukalia."

"Nililia kwa sababu... jibu lilikuwepo. Nililiona. Ulimfukuza... kabla halijafika."

Kesho yake asubuhi nilikwenda kwa yule wa masikio makubwa. Alikuwa anafua jembe. Aliponiona akatazama kwanza mikono yangu.

Nikamwambia nimekuja kumwomba aje nyumbani amtukane bwana yangu.

Akaweka nyundo chini. Akaniuliza kama nimelewa. Nikamweleza yote isipokuwa kamba. Alinicheka, na ilinibidi nicheke kidogo, halafu uso wake ukabadilika. Alisema kweli anaogopa. Alisema zile Jumapili alikuwa anarudi nyumbani kama mtu aliyetoka kutazama kaburi, na mke wake alimwona akilia karibu na moto akasingizia moshi.

"Na akilia tena?"

"Atalia. Huwa analia."

"Na jibu likichelewa?"

"Utangoja," nikasema. "Utakunywa busaa yako na utangoja. Mtu akimtolea neno mdomoni, ule mwiko bado ninao."

Wakaja Jumapili. Chungu kikawekwa, bwana yangu akatolewa kigoda penye kivuli, kofia imeshuka mpaka nyusi. Wanne wakakaa. Wakatazamana. Hakuna mtu aliyesema habari yako, na hakuna aliyesema lingine. Mate ya yule wa masikio yalikuwa yamekauka, nikamwona anavuta mrija mara mbili bila kumeza. Mimi nimesimama nyuma ya mlango.

Mwisho akasema, lakini kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo, "Hiyo kofia yako, ndugu yetu, ni mbaya kidogo."

Hakuna aliyecheka. Lilikuwa tusi la mtoto mchanga. Bwana yangu akatazama chini. Tukangoja. Inzi akazunguka chungu, akatua, akaondoka. Mmoja wa wale wanne akafungua mdomo kumsaidia, mimi nikakohoa nyuma ya mlango, akaufunga. Nikaona machozi yanaanza kumjaa bwana yangu, na mwili wangu wote ukataka kutoka nje na kuwafukuza tena. Nilishika mlango kwa mikono yote miwili.

Akasema, "Hilo ni tusi... ama ni sala... ya kuombea chakula?"

Basi wale watu walipasuka. Mmoja alimwaga busaa yake. Yule wa masikio akamwita nguruwe, akamwita kichwa cha kupasulia kuni, akamwambia ng'ombe wale kumi na sita walimkimbia kwa harufu yake, yote pamoja kama mtu aliyefungiwa chakula mwaka mzima. Bwana yangu alijibu mawili tu. Mengine yalimpita, hakuyashika. Baada ya muda mfupi kelele zikamshinda, akanipungia mkono, nikamwingiza ndani akalala. Lakini wao hawakuondoka, na hawakurudi kwenye kumsifu. Walibaki nje wanamtukana kupitia dirishani, polepole, mmoja mmoja, na yeye amelala kwenye giza la nyumba anatafuta majibu.

Mtu asidhani kwamba hapo ndipo alipona. Ng'ombe hakuwaendesha tena. Mwanga unamchoma mpaka leo ninavyoandika, na ile huzuni haikufukuzwa na mtu. Inakuja kama homa, inakaa siku mbili, siku nne, inaondoka. Zile ngozi za nira ziko kwa dada yangu bado. Kwa fundi anaenda, sasa anaweka vifungo, na yule mzee sijampenda. Nikipeleka mboga mjini napita pale, nawakuta wanacheka jambo, wananiona, wananyamaza, na mimi nauliza mlikuwa mnacheka nini, wanasema hakuna. Roho inaniwaka. Nakaa kigodani na sitoki mpaka waniambie. Mara nyingi ni habari zangu.

Juzi ilikuwa siku mbaya. Amegeuka ukutani tangu jana yake, hakutaka uji, hakutaka mjini. Zamani ningemwambia kwa upole, amka baba, kumbuka ulivyokuwa. Nilikaa chini pembeni ya kitanda na ungo wangu. Nikamwambia, "Huo ukuta umeutazama mpaka una haya. Mimi mwenyewe hujawahi kunitazama hivyo, hata tulipokuwa wachumba."

Nikachambua maharagwe. Nilikuwa nimefika nusu ya ungo aliposema, bila kugeuka, "Ukuta... haunipigii kelele."

Wivu ukaniuma. Nikaona, sasa hata ukuta. Nikamwambia basi aupe ukuta mimba, umpikie na ugali. Mabega yake yakatikisika kidogo, sikujua kama ni kulia au ni lile lingine, na sikumwuliza. Hakuamka siku hiyo. Aliamka kesho yake, saa nne, akaomba maji ya kunawa.